Kukuza okidi ya sisimizi: tundu lile si ugonjwa

Okidi inayoitwa kitaalamu Myrmecophila tibicinis, ambayo kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, huota juu ya miti katika nyanda za joto, nyingi zikiwa karibu na bahari, na kwa hiyo hali ya hewa ya pwani yetu haiisumbui. Mashina yake yamevimba na kurefuka mithili ya pembe za ng'ombe, na ndani ni matupu. Jina la kwanza maana yake ni mpenda sisimizi. La pili, ililopewa mwaka 1838, ni "ya mpiga zumari", kwa kuwa watoto wa Honduras walikuwa wakizipuliza pembe hizo.

Hatua ya 1: Kuchagua mche. Nunua mche uliozalishwa kitaluni, tena wenye hati zake, maana biashara ya okidi kuvuka mipaka inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Uwe na pembe nne au zaidi. Chunguza tako la pembe iliyokomaa: utaona upenyo mdogo, ambao mmea hujifungulia wenyewe. Mimi niliuziba kwa nta ya mshumaa nikidhani ni kazi ya mdudu. Pembe iliyofuata ilipokomaa, ikafunguka mahali palepale.

Hatua ya 2: Kuufunga. Ufunge kwa kamba ya makumbi juu ya gogo au mti hai wenye gome la kukwaruza. Usitumie udongo kabisa. Pembe zisimame, matako yake yakiwa wazi, ili maji ya mvua yasituame ndani.

Hatua ya 3: Jua na maji. Uzoeshe jua kidogo kidogo hadi ulipate karibu kutwa nzima, la sivyo hautachanua. Mwagilia asubuhi wakati wa kuchipua. Pembe mpya zikishakomaa, punguza.

Hatua ya 4: Kuwaachia sisimizi. Usiwalete kutoka mbali, na usiwatafute. Mmea huishi hata bila wao, lakini sisimizi wa bustanini wakiliona tundu huhamia wenyewe. Baadhi ya pembe huzifanya makao ya kulelea watoto wao, na nyingine huzijaza takataka: mizoga ya wenzao, mabawa ya wadudu, mchanga, vipande vya majani. Niliwahi kupasua pembe kuukuu iliyokwisha kunyauka, nikakuta takataka hizo zimeshindiliwa kama tumbaku kwenye kiko. Zinapooza, kuta za pembe hufyonza virutubisho vyake, na kwa mmea usio na udongo hiyo ndiyo mbolea. Ndiyo maana ninaona kuwapulizia dawa ni kuunyima mmea chakula. Jambo moja tu lichungulie kila wiki: sisimizi wakifuga vidung'ata au vidugamba, yaani wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mmea, chini ya majani, wasugue wadudu hao kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, bila kuimimina sabuni tunduni.

Hatua ya 5: Kungoja ua. Mkono wa maua huweza kuzidi mita tatu, basi uache nafasi juu. Utaona matone yanayonata kwenye mkono huo na kwenye vitumba. Usiyafute: ni asali ambayo mmea huwatolea sisimizi, nao wakiwa hapo huwafukuza wadudu wanaokuja kula vitumba. Ukitaka kuukata mkono huo kwa ajili ya chombo cha maua, vaa glavu kwanza.