Matunzo ya watoto Uingereza: mapato ya baba watoto yakionekana madogo kuliko ukweli

Barua ya Child Maintenance Service, idara ya serikali inayopiga hesabu ya matunzo ya watoto, inasema baba watoto atatoa takriban pauni 39 kwa wiki kwa watoto wawili, nawe unajua fika kwamba kampuni yake ya usafirishaji haijawahi kukosa kazi. Hayo yalinikuta mimi. Nilipinga, hesabu ikabadilika, na njia niliyopita ndiyo hii. Inatumika England, Wales na Scotland. Northern Ireland wana idara yao. Na kama wewe ndiwe baba unayelea na mama ndiye mlipaji, utaratibu ni uleule.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: hushindi kwa kusema "anaishi vizuri." Katika utaratibu wa 2012 unaotumika sasa, maisha ya kifahari peke yake si sababu ya kubadilisha hesabu. Picha za gari jipya na safari za Dubai, hata uzichapishe zote, hazikusaidii mpaka uonyeshe pesa inapita wapi. Najua inauma, maana wewe unahesabu senti za viatu vya shule. Lakini nguvu zako ziweke kwenye nyaraka.

Chukua ukurasa wa barua unaoonyesha hesabu. Mapato yanayotumika ni ya kabla ya kodi, yakishatolewa michango ya pensheni, na yanatoka HMRC, yaani mamlaka ya kodi, kwa mwaka wa kodi wa karibuni walio nao. Kwa mapato ya kati ya pauni 200 na 800 kwa wiki, mtoto mmoja hupata asilimia 12, wawili 16, watatu na kuendelea 19. Kisha kiasi hicho kinapunguzwa kwa ajili ya watoto wengine wanaoishi na mlipaji, na kwa usiku ambao wako wanalala kwake. Huo usiku uangalie kwa makini. Kuanzia usiku 52 kwa mwaka anapunguziwa moja ya saba, na wapo wanaotaja usiku ambao watoto hawakulala huko. Na ikiwa mapato yake ya sasa yamepanda kwa asilimia 25 au zaidi kuliko ya HMRC, omba yatumike ya sasa.

Mwenye kampuni ana njia nyingine. Anajilipa mshahara wa pauni 12,570 kwa mwaka, kiwango kisichokatwa kodi ya mapato, na faida anaichukua kama gawio. Hesabu ya kawaida inauona mshahara tu, ndipo zinapopatikana zile pauni 39. Tuseme amechukua pia gawio la pauni 28,000: likiingizwa, watoto walewale wawili wanastahili takriban pauni 124 kwa wiki. Tofauti hiyo ni chakula cha watoto, si kisasi.

Kuingiza gawio hilo lazima uombe kitu kinachoitwa variation, yaani kubadilishiwa hesabu ya kawaida, na lazima utaje sababu. Kuna mapato yasiyo ya mshahara yanayofika pauni 2,500 kwa mwaka, kama gawio, kodi ya nyumba aliyopangisha au riba. Kuna mali ya zaidi ya pauni 31,250, kwa mfano nyumba ya pili. Anayoishi mwenyewe haihesabiwi. Na kuna kuelekeza mapato kwingine bila sababu ya msingi: kumlipa mwenza mpya mshahara usiolingana na kazi, kuacha faida ilundikane ndani ya kampuni, au kujaza pensheni kupita kiasi. Unaweza kutaja zaidi ya moja. Usichelewe, kwa sababu mabadiliko kwa kawaida huhesabiwa tangu ulipoomba, si tangu alipoanza kuficha.

Ushahidi anzia Companies House, daftari la serikali la kampuni, ambako kuangalia ni bure. Andika jina la kampuni, fungua taarifa ya wenye hisa, halafu hesabu za mwaka. Kampuni ndogo haziandiki gawio waziwazi, lakini weka hesabu za miaka miwili au mitatu pamoja na usome mistari ya chini: faida iliyolimbikizwa inapanda au inashuka? Kampuni inamdai mkurugenzi mkopo? Kwangu kilichobadilisha mambo ni ukurasa wa hisa. Nusu ya hisa zake ilikuwa imehamia kwa mke wake mpya muda mfupi baada ya mimi kufungua dai. Nilipiga mstari tarehe hizo mbili, nikaandika barua ya ukurasa mmoja: sababu ninayoitaja, nyaraka ninazoambatisha, na hesabu za benki ninazoomba waulize. Matusi hayakuwemo, wala historia ya ndoa.

Usifungue barua zake, usiingie kwenye akaunti zake, na tafadhali usiwatume watoto wapeleleze. Ukiwa na sababu ya kuamini kwamba anapokea pesa taslimu asizozitangaza, waeleze idara wazi, na HMRC pia unaweza kuwaarifu.

Kama uamuzi wenyewe ndio una kosa, au ombi lako limekataliwa, una siku 30 tangu tarehe iliyo kwenye barua kuomba waangalie upya. Barua itaiita mandatory reconsideration. Wakishikilia msimamo, una mwezi mmoja tangu tarehe ya jibu hilo kukata rufaa First-tier Tribunal, yaani baraza la rufaa. Hulipi ada, na jaji hayumo katika idara iliyopiga hesabu. Hatua hii watu wengi wanaiogopa, nami nasema ndiyo yenye meno: jaji anaweza kumwamuru baba watoto alete taarifa za benki, na kesi yenye hesabu ngumu hukaliwa pia na mtaalamu wa fedha.

Kumbuka kwamba unachowasilisha huko baba watoto naye atakisoma. Kama unahofia usalama wako, omba mapema anwani yako isitolewe, na ufute anwani kwenye kila karatasi unayoambatisha. Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani. Ni bure, na ni bora kuliko binamu. Mashirika ya hisani ya Gingerbread na Citizens Advice yanasaidia kusoma barua hizi.

Akina dada wengine hawagusi jambo hili wakihofia viza. Matunzo yanatoka kwa mzazi, si ruzuku ya serikali, wala hayapunguzi Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Na pauni 39 zikiingia wakati unasubiri, zipokee. Kupokea si kukubali hesabu.

Kila mwaka idara huchukua takwimu mpya HMRC na kukutumia barua nyingine. Ifungue siku hiyohiyo, iweke kando ya hesabu mpya za kampuni, maana siku 30 zinaanza tena kwa tarehe ya barua hiyo.