Jinsi ya Kuandaa Mashindano ya Majadiliano kwa Wanafunzi wa Sheria

Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinazitaka mahakama ziendeleze njia mbadala za kutatua mizozo, na tangu mwaka 2016, mpango wa upatanishi chini ya mahakama ulipoanza kwa majaribio jijini Nairobi, wakili anayejua kusimama mbele ya hakimu pekee hajakamilika. Kesi za kuigiza humfunza mwanafunzi kumshawishi jaji, ilhali majadiliano, yaani mazungumzo ya pande mbili ya kutafuta makubaliano, humfunza kumshawishi mtu ambaye ana haki ya kuinuka na kwenda zake. Kwa sababu hiyo, chama cha wanafunzi wa sheria mjini Kisumu, Nakuru au Eldoret kina kila sababu ya kuyaandaa mashindano haya.

Anzeni na kisa, yaani hali ya kubuni ambayo timu mbili zitaijadili, kila moja ikimwakilisha mteja wake, kwa kuwa kisa kibovu hakiokolewi na ukumbi mzuri wala zawadi kubwa. Kisa huwa na sehemu tatu: maelezo ya pamoja yanayosomwa na pande zote, na maelezo mawili ya siri, kila upande ukipewa yake. Tuchukue mfano wa wakulima wa miwa wa Kakamega wanaojadiliana na kiwanda kuhusu mkataba mpya. Maelezo ya pamoja yataje bei ya tani, gharama ya usafiri na malalamiko kwamba miwa hukaa shambani baada ya kukatwa ikipoteza uzito na utamu. Katika siri ya wakulima, andikeni kwamba wanahitaji sehemu ya malipo kabla ya shule kufunguliwa. Katika siri ya kiwanda, kwamba kinahofia mitambo kusimama kwa kukosa miwa katika miezi fulani. Timu zitakazoulizana maswali mema zitagundua kwamba malipo ya awali yanaweza kubadilishwa na ahadi ya kuleta miwa kwa ratiba, na zile zitakazovutana kuhusu bei peke yake zitaondoka na kidogo. Kisa ambacho kina bei tu hakipimi chochote isipokuwa ukaidi.

Mpeni mtu asiyeshiriki akisome kisa hicho kabla hakijatumwa, naye ahakikishe kwamba siri hizo mbili hazipingani. Timu isibadilishiwe upande katika kisa kilekile, maana itakuwa imekwisha kujua mengi ya siri za wenzake. Raundi ya pili inahitaji kisa kipya.

Timu ya watu wawili inatosha, na dakika 50 za mazungumzo, pamoja na mapumziko mafupi ambayo kila timu inaweza kuyaomba mara moja, hutosha pia. Baada ya hapo kila timu ipewe muda wa kutafakari, kisha ieleze mbele ya waamuzi, wapinzani wakiwa nje, ni nini ingelirudia na ni nini ingelibadilisha iwapo ingekutana na jambo hilo kesho. Msiikate sehemu hii hata ratiba ikichelewa, kwa sababu ndipo mwanafunzi anapojifunza zaidi.

Waamuzi wawe watatu kwa kila chumba: wakili, mpatanishi na, ikiwezekana, mtu anayeifahamu biashara inayojadiliwa, kwa mfano kiongozi wa chama cha ushirika. Ketini nao kabla ya raundi ya kwanza. Waelezeni kwamba kukosa kuafikiana si kushindwa, ikiwa makubaliano yaliyokuwapo mezani yangemuumiza mteja, na kwamba sauti kubwa haina alama. Alama zigawanywe kati ya maandalizi, wepesi wa kubadili mkakati, ushirikiano wa timu, manufaa ya mteja, uhusiano na upande wa pili na maadili. Kuhusu maadili, kanuni ziandikwe bila utata: timu inaruhusiwa kunyamazia kiwango cha mwisho ilichoruhusiwa na mteja, lakini hairuhusiwi kubuni ukweli usiomo katika kisa ili kujinufaisha.

Mengine ni ya kawaida. Epukeni wiki za mitihani, timu zinazosafiri kutoka mbali zifike jioni ya siku iliyotangulia, na kila chumba kiwe na meza, viti na mtunza saa. Timu ambazo hazijacheza zisiruhusiwe kutazama. Mwisho wa siku, kila timu ipewe karatasi zake za alama pamoja na maoni ya waamuzi, iwe imefika fainali au imetolewa mapema.