Ndugu kafungwa Uingereza kwa maneno ya mwenzake: soma hii kabla ya kukata rufaa

Naulizwa sana na watu walioko England: ndugu yetu katiwa hatiani kwa utapeli, shahidi mkubwa ni jamaa waliyekuwa naye kwenye dili, kakiri mapema, kakubali kutoa ushahidi na kapunguziwa kifungo, tunafanyaje?

Sikia, wengi tumezoea jaji anaandika hukumu kurasa na kurasa, kila sababu unaiona. Kule juri ya watu 12 haitoi sababu, wanatamka ana hatia au hana, basi. Kwa hiyo usiende Mahakama ya Rufaa kulalamika kwamba shahidi ni mwongo, juri walishamsikia na wakamwamini. Wewe tafuta yale maelekezo jaji aliyowapa kabla hawajaingia chumbani kuamua, omba nakala yote, na kama aliwagawia ya maandishi nayo omba, usome neno kwa neno.

Zamani shahidi akiwa mshiriki wa kosa jaji alilazimika kuwaonya juri kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa maneno ya huyo peke yake, lakini sheria ya 1994 ililifuta hilo sharti na kesi ya Makanjuola ya 1995 ikasema ni hiari ya jaji, tena onyo liwe na msingi kwenye ushahidi, siyo wakili kurusha tu kwamba huyu haaminiki. Sasa kagua, wakili wenu aliliomba hilo onyo? Na jaji alitaja wazi kwamba huyu mtu ana faida yake kwa kusema haya, akawaambia watafute kitu kingine cha kumuunga mkono, au alisema muwe waangalifu akapita zake?

Ukishapata kasoro usishangilie bado, maana mahakama inauliza kama hukumu ya hatia ni salama, yaani bado inategemeka, kasoro peke yake haitoshi. Kichwani mwako mtoe shahidi kabisa, ubaki na steitimenti za benki, imeili na invoisi. Hizo zinaonyesha pesa zilienda wapi, lakini mara nyingi hazisemi ndugu yako alikuwa anajua ni feki, na utapeli bila kujua haupo. Kama aliyesema alijua ni huyo shahidi tu, hapo mna rufaa ya kweli, ishikeni kwa nguvu zote. Kama kuna imeili ya ndugu yako mwenyewe inayosema futa hii, jamani, hata onyo zuri lisingemwokoa.

Fomu ya kuomba rufaa inaitwa NG, na siku ni 28 tangu siku ya kutiwa hatiani, siyo siku ya kupewa kifungo, watu wanaponzwa sana hapo. Na msipeleke rufaa isiyo na mashiko eti tujaribu tu, mahakama inaweza kuamuru baadhi ya siku alizokaa ndani akisubiri rufaa zisihesabiwe kwenye kifungo chake.