Mombasa mpaka Malindi na kurudi kwa baiskeli, siku tatu na kundi

Kwanza jua upepo. Kwenda Malindi ni kama kilomita 120, na msimu wa kaskazi upepo unakupiga usoni njia nzima, kusi ndo inakusukuma lakini siku ya kurudi utailipa yote, so ukiona kundi linakimbia sana asubuhi ya kwanza usifuate, weka nguvu. Lala Kilifi, ni nusu ya njia.

Tokeni saa kumi na moja alfajiri na taa nyuma, mvuke Nyali na Mtwapa kabla matatu hazijajaa barabarani.

Kwenye msafara kaa nyuma ya mwenzako, nafasi kama urefu wa baiskeli moja ukiwa mgeni, anakukingia upepo. Wa mbele akichoka anapeana zamu, anarudi nyuma taratibu. Akionyesha kidole chini ujue kuna shimo, na wewe onyesha wa nyuma yako, hii tafadhali msiidharau maana mmoja akinyamaza wanaanguka wanne.

Beba tyubu mbili, pampu, solusheni na viraka. Ukipata pancha, kabla hujatia tyubu mpya pitisha vidole pole pole ndani ya tairi, mwiba bado umo humo! Mi nshawahi kuusahau, nikaziba mara mbili sehemu moja kwa jua la saa saba.

Maji kunywa kabla ya kiu, dafu njiani, na chumvi kidogo. Mahamri na mbaazi asubuhi, kula ushibe.