Kusoma na kutunza sensa za upepo wa tairi kwa mashine ya mkononi huku Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi za Juni na Julai, gari lililolala nje Njombe, Makete au Uyole linaweza kuwasha taa ya njano ya tairi kabla halijatoka getini, na baada ya robo saa barabarani taa ikajizima yenyewe. Mwenye gari akifika gereji anaambiwa sensa, yaani kifaa kidogo kinachopima upepo ndani ya tairi, imekufa. Tairi linavuliwa, sensa nzima inang'olewa, na pesa inatoka mfukoni bila sababu. Mashine ya mkononi ingemaliza ubishi huo kwa dakika chache bila kulegeza hata nati moja, ila anayeishika lazima ajue namba zinazotokea kwenye kioo zina maana gani huku juu, ambako hewa ni nyepesi na baridi ni kali.

Anza na taa, halafu gari lenyewe

Taa inayowaka na kutulia inasema upepo umepungua. Taa inayopepesa kwa dakika moja hadi moja na nusu kila ukiwasha gari, kisha ikabaki imewaka, inasema mfumo wenyewe una hitilafu: kuna sensa isiyosikika au isiyotambulika. Muulize mwenye gari taa inafanyaje kabla hujashika mashine. Jibu lake linakupunguzia nusu ya kazi.

Si kila gari lina sensa. Japani haikuziwekea sharti hilo gari zake za kawaida, ndiyo maana IST, Vitz au Premio iliyoagizwa kutoka kule kwa kawaida haina kitu ndani ya rimu. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli za 2008, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Kwa hiyo Discovery, Range Rover, BMW au Mercedes ya miaka ya karibuni iliyotoka Uingereza, tegemea kuikuta na mfumo huu. Lakini Volkswagen nyingi zina taa bila sensa: kompyuta ya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasifunge) hulinganisha mzunguko wa magurudumu, na tairi lenye upepo mdogo huzunguka haraka kuliko wenzake. Gari la namna hiyo halina cha kusomwa na mashine. Jaza upepo sawasawa, kisha bonyeza swichi ya kuseti au tumia menyu ya dashibodi.

Valvu ya chuma yenye nati kwa nje ni dalili nzuri kwamba sensa ipo. Valvu ya mpira haikuambii kitu, maana sensa nyingine hufungwa kwenye valvu ya mpira vilevile.

Kuchagua gari kwenye mashine

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Sensa hulala gari likiwa limesimama ili kutunza betri. Mashine huiamsha kwa mawimbi ya kHz 125, nayo hujibu kwa masafa ya MHz 315 au MHz 433. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani kwa kawaida hutumia 315, la Ulaya na Uingereza 433. Ukichagua jina la gari sawasawa lakini soko ukakosea, mashine itakuambia hakuna sensa, nawe utaamini sensa imekufa kumbe mnaongea lugha mbili.

Mwaka nao usiukisie. Herufi za namba ya usajili zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, na gari la 2012 linaweza kuwa limesajiliwa miaka kumi baadaye. Soma kibati kwenye nguzo ya mlango wa dereva au tumia namba ya chasisi. Kama modeli ilibadilishwa katikati ya mwaka, jaribu chaguo zote mbili kabla ya kuhukumu.

Kabla ya kununua mashine, jua inafanya nini. Zile ndogo za bei nafuu aina ya EL-50448 ni kwa ajili ya magari ya General Motors (GM). Ukiipeleka kwenye Land Rover unapoteza muda. Unayohitaji ni mashine inayosoma sensa za kampuni nyingi, inayoandika sensa mpya, na yenye waya wa soketi ya OBD (ya kuongea na kompyuta ya gari), kama Autel TS508 na za daraja lake.

Kusoma

Pima gari likiwa limepoa, angalau saa 3 tangu liliposimama, na ikiwezekana asubuhi.

1. Pima matairi yote kwa geji ya upepo unayoiamini, uandike namba. Usisahau spea: baadhi ya magari yana sensa ya tano, na taa inaweza kuwashwa na tairi lililoko chini ya buti.
2. Anza na tairi la mbele kushoto, kisha mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto. Mashine nyingi hufuata mzunguko huo.
3. Weka ncha ya antena kwenye ubavu wa mpira, jirani kabisa na valvu, juu kidogo ya ukingo wa rimu. Usiielekeze kwenye chuma cha rimu, maana chuma huzuia mawimbi.
4. Bonyeza, tulia bila kutikisa mkono. Jibu likichelewa, sogeza antena sentimita chache kushoto au kulia kwa valvu ujaribu tena.
5. Andika namba ya utambulisho ya sensa, upepo, joto na hali ya betri.

Kama karibu kuna rimu nyingine zenye sensa zimeegeshwa ukutani, zisogeze mbali. Mashine inaweza kudaka jibu la sensa ambayo si ya gari unalolishughulikia, ukapata namba moja kwenye matairi mawili. Ukiona hivyo, rudia kabla ya kuendelea. Sensa ikigoma kabisa kuamka, toa upepo PSI 5 hadi 10 kwa haraka huku umebonyeza mashine; baadhi huamshwa na kushuka kwa ghafla kwa presha. Kisha jaza tena.

Kwa nini mashine na geji havikubaliani

Sensa nyingi hupima presha yote iliyo ndani ya tairi, ukichanganya na ya hewa ya nje. Ili kukupa namba ya kawaida, gari au mashine huondoa presha ya hewa, na mara nyingi huondoa ile ya usawa wa bahari, takriban kPa 101, yaani PSI 14.7. Dar es Salaam hesabu inakubali. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya bahari, presha ya hewa ni kama kPa 83 tu, yaani PSI 12. Geji yako, inayolinganisha tairi na hewa ya pale pale, itasoma PSI 32, mashine itasoma 29 na kitu. Pungufu ni kama PSI 2.5 hadi 3 kwa Iringa na Mbeya, PSI 3 na ushee kwa Njombe, na karibu PSI 4 ukipanda Kitulo.

Kwa hiyo kanuni ya kufanyia kazi ni hii: sensa zote nne zikiwa chini ya geji kwa kiasi kilekile, sensa ni nzima, ni mwinuko unaozungumza. Sensa moja ikiachana na wenzake kwa PSI 2 au zaidi huku geji ikisema matairi yako sawa, hiyo ndiyo ya kushukiwa. Magari yenye kipimo chake cha presha ya hewa hujirekebisha, na hayo hayataonyesha tofauti.

Sasa ongeza baridi. Tairi lenye PSI 32 hupoteza karibu PSI 1.5 kila joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi. Mtu aliyejaza saa 8 mchana Njombe kwa nyuzi 22, akiamka alfajiri kwenye nyuzi 5, geji yake itasoma 29 na nusu, na gari lisilojua mwinuko litaona 26 na kitu. Magari mengi huwasha taa upepo ukipungua kwa robo, yaani 24 kwa tairi la 32. Hapo tairi lolote lenye pancha ndogo ya kupoteza PSI 2 kwa wiki ndilo litakalowasha taa, na likishapata joto la barabarani linapanda na taa inazima. Dawa yake ni kujaza asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa geji, kufikia kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango, na kulitafuta hilo lenye pancha. Usijaze kwa kufuata kioo cha mashine mpaka kisome 32, utakuwa umezidisha.

Upande wa pili ni gari lililotoka Dar es Salaam. Limepanda Kitonga, matairi ni ya moto, na geji ya Ipogolo, Iringa, inasoma PSI 37 au 38. Sehemu ya ongezeko hilo ni joto, sehemu ni mwinuko. Usipunguze. Acha lipoe hadi asubuhi upime upya, maana ukitoa upepo jioni, taa itakusubiri alfajiri.

Sensa ikiwa kweli imekufa

Betri ya sensa hudumu kati ya miaka 5 na 10 na imezikwa ndani ya gundi ngumu, haibadilishwi. Zikiwa zote za umri mmoja na moja imekufa, zilizobaki haziko mbali, na kubadilisha zote kwa pamoja huokoa gharama ya kuvua matairi mara nne. Lakini nyingi hapa hazifi kwa betri. Zinavunjwa na liva. Wakati wa kuachanisha tairi na rimu, kibanio cha mashine ya kuvulia tairi kikae upande wa pili kabisa wa valvu, na liva isiingie karibu nayo hata kidogo. Dawa ya pancha ya kumimina nayo huziba kitundu cha sensa; ikiwa ilitumika, safisha kwa kitambaa chenye maji, usipulizie kompresa ndani ya kitundu. Na pale fundi wa kando ya barabara anapoweka tyubu kwenye rimu ya tubeless, sensa hutolewa ikatupwa, ndipo taa inapoanza kupepesa. Ulizia historia hiyo mapema.

Andika sensa mpya kabla ya kuifunga. Iweke peke yake karibu na antena, nyingine zikae mbali, la sivyo mashine itachanganya. Una njia mbili. Ya kwanza ni kunakili namba ya sensa ya zamani, na hapo gari halitajua kwamba kuna mgeni. Ni njia safi kama ulisoma namba ile kabla haijafa au iliandikwa mahali. Ya pili ni kuipa namba mpya, kisha kulifundisha gari. Usinakili namba moja kwenye sensa mbili. Ukimaliza kuandika, isome palepale mezani. Ikijibu, ndipo uifunge.

Kagua rimu inapokaa valvu: vumbi jekundu la Chunya na tope la Makete hushika pale, likabaki chini ya mpira na upepo ukavuja taratibu. Sugua kwa brashi laini, weka mpira mpya, nati mpya. Nati ya valvu ya alumini hukazwa kwa Nm 4 hadi 8 kwa sensa nyingi, kipimo kamili kiko kwenye karatasi ya sensa. Hiyo ni nguvu ndogo sana. Spana ya kawaida na mkono wenye haraka huipasua valvu, na mpasuko hauonekani siku hiyo. Kisindano cha ndani kiwe cha rangi ya fedha, kilichopakwa nikeli. Cha shaba ya njano kwenye valvu ya alumini hushikana kwa kutu kikagoma kutoka, na kifuniko cha shaba hufanya vilevile. Tumia cha plastiki. Jaza, paka povu la sabuni kwenye valvu, subiri dakika 1 uone mapovu. Kisha rudisha gurudumu kwenye balansi, kwa sababu sensa ina uzito wa gramu 30 hivi.

Kulifundisha gari

Baadhi ya magari hujifunza yenyewe ukiendesha dakika 10 hadi 20 mfululizo; kutoka Mwanjelwa hadi Mbalizi, huko Mbeya, bila foleni hutosha kwa mengi. BMW huanzishwa kwenye menyu, halafu unaendesha. Toyota na Lexus nyingi hazijifunzi kwa kuendesha: chomeka waya wa OBD chini ya usukani, washa swichi bila injini, tuma namba zote nne kwa pamoja. Betri ya gari ikiwa dhaifu ichaji kwanza, maana umeme ukikatika katikati ya kutuma, unaanza upya na wakati mwingine kompyuta huhifadhi namba nusu. Ukibadilishana matairi mbele na nyuma kwenye gari linaloonyesha kila gurudumu, lifundishe upya, vinginevyo litakuonyesha pancha ya mbele wakati iko nyuma.

Futa hitilafu zilizohifadhiwa, endesha, rudi usome tena sensa zote. Kisha andika namba nne za utambulisho kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya gundi, bandika ndani ya mlango wa dereva pembeni ya kibati cha upepo, pamoja na tarehe na masafa. Siku sensa mojawapo ikinyamaza, fundi ajaye atanakili kutoka pale.