Kubana damplingi kwa mkono zisifumuke sufuriani

Wengi wakianza kutengeneza damplingi nyumbani, yaani vile vifuko vidogo vya unga wa ngano vyenye nyama ndani, wanakimbilia marinda, wanataka zitoke zimekunjwa kama za kwenye picha, afu zikiingia kwenye maji zinafumuka, nyama yote inaelea. Marinda ni urembo tu jamani. Kinachoshikilia damplingi ni ukingo uliobanwa ukashikana, na ukingo haushikani kukiwa na majimaji, mafuta au hewa.

Kwa hiyo anza na vya ndani. Kama unatia kabeji, ikatekate ndogondogo, nyunyizia chumvi, iache dakika 10 hadi 15 kisha ikamue mpaka iache kudondosha maji, kamua kwelikweli sio kuipapasa. Changanya na nyama ya kusaga na viungo vyako, tia kwenye friji nusu saa. Ikiwa ya baridi inakaa pale ulipoiweka, ya uvuguvugu inateleza teleza na kulowesha unga.

Unga wa ngano gramu 300, maji mililita 150 hivi, chumvi kidogo. Za kuchemsha tumia maji ya baridi, donge linakuwa gumu kidogo na linavumilia sufuria, za mvuke au za kukaanga tumia maji ya moto, linakuwa laini. Kanda liwe nyororo, lifunike na kitambaa kibichi nusu saa. Hapa usiruke, donge ambalo halijapumzika ukilisukuma linajirudi, unalisukuma tena linajirudi, mpaka unachoka wewe.

Kata vidonge vidogo, gramu 10 au 12, sukuma upate duara la sentimita 8 au 9, katikati pawe pazito kidogo na ukingo mwembamba. Mkono mmoja unazungusha duara, mwingine unasukuma kutoka ukingoni kuja ndani afu unarudi, hufiki katikati kabisa. Kwa nini? Kwa sababu ukingo ukikunjwa unakuwa tabaka mbili, kwenye rinda zinakuwa nne, ukiwa mnene toka mwanzo utabaki na unga mbichi wakati vingine vyote vimeiva. Maduara yanayosubiri yafunike pia, yakikauka hayashikani.

Sasa kukunja. Duara kiganjani, kijiko kimoja cha chai katikati, najua mkono unawasha kuongeza ila usiongeze, ukingo wote ubaki msafi. Vidole vikishika mafuta vifute kwanza, maana mafuta yakigusa ukingo hapo hapashiki hata ubane vipi. Unga uliokanda mwenyewe muda huohuo hauhitaji maji, unajishika wenyewe. Maduara ya kununua ndo yanataka maji, chovya kidole upitishe nusu ya ukingo, kidogo tu, yakizidi panateleza.

Kunja nusu mwezi, bana katikati kwanza, toka hapo bana kwenda kona moja huku unakandamiza taratibu kuzunguka nyama ili hewa itoke, kisha kona ya pili unamalizia kufunga. Hewa ikibaki ndani ikipata moto inatanuka, na itatokea palipo dhaifu. Rudia kubana ukingo wote mara ya pili, basi, hiyo inaenda sufuriani.

Ukitaka marinda, bana katikati tu uache kona wazi. Upande wa nyuma unabaki bapa, unakunja upande wa mbele peke yake, kila rinda unalilaza kuelekea katikati na kulibana kwenye ule wa nyuma, matatu kulia matatu kushoto yanatosha kabisa. Kwa vile mbele pamefupishwa, damplingi inajipinda yenyewe na kupata kitako, ndo maana za kukaanga hukunjwa hivi, zinasimama kwenye kikaango bila kulala.

Anayeanza mimi ningempa ile nyingine: funga nusu mwezi wa kawaida, shika kona mbili zilete zikutane, moja juu ya nyingine, tone la maji katikati yake, bana. Inaonekana ya fundi na haina rinda hata moja. Na wanaobonyeza kwa uma wasichekwe, inafanya kazi, ila chovya meno ya uma kwenye unga yasinate, na usitoboe.

Kabla ya kuiweka chini pitisha kidole ukingoni, pakiwa wazi bana tena. Ikichanika tumboni, bandika kipande chembamba cha unga kwa maji.

Zipange kwenye trei yenye unga, zisigusane. Zisikae nje muda mrefu, majimaji yanapenya chini na kitako kinabaki kwenye trei. Kama hupiki sasa hivi, tia trei nzima kwenye friza, zikiwa ngumu ndo uzihamishie kwenye mfuko. Siku ya kupika usiziyeyushe, unga unalowa na ulipobana panaachia, zitie hivyohivyo zilivyoganda, uongeze dakika 2 au 3.