Unalea peke yako Uingereza na unatafuta mwenza? Ikague tovuti kwanza

Saa nne usiku, mtoto amelala, sare ya kesho imeshapigwa pasi, ndipo simu inafunguliwa. Wengi wetu tunaolea peke yetu huku Uingereza tunaanzia hapo. Hakuna shangazi wa kukuunganisha na kijana wa watu, kazini ni zamu juu ya zamu, na kwenye sherehe za jumuiya kila mtu anajua umeachana na nani. Kutafuta mwenza mtandaoni si aibu hata kidogo. Ila atakayekupenda atakuja kukaa sebule moja na mwanao, kwa hiyo kuchagua tovuti ni kazi nzito kwako kuliko kwa jirani asiye na mtoto.

Mimi nilianza vibaya. Nilijiunga na tovuti iliyojitangaza kuwa ni ya wazazi wanaolea peke yao tu. Nikaona nimefika nyumbani, hakuna wa kunikimbia akisikia nina mtoto. Siku ya tatu mwanaume mmoja akanisalimia, na katika maongezi nikagundua hajui lolote kuhusu tovuti ya wazazi. Alinikuta kwenye tovuti yenye jina jingine kabisa, picha yangu ileile, maelezo yaleyale. Kumbe ndivyo baadhi ya biashara hizi zinavyoendeshwa: mbele kuna majina mengi, moja la wazazi, moja la Waafrika, moja la walokole, na nyuma ni ghala moja la taarifa. Ukijisajili mlango mmoja, umeonekana milango yote.

Tangu siku hiyo siwashauri wenzangu tovuti ya wazazi pekee. Mtu mwenye nia mbaya na watoto akiingia humo hana haja ya kuuliza nani ana mtoto, wote wanao. Bora tovuti ya watu wote, na wewe uwe mwenye kuamua useme nini na lini. Kusema una mtoto sawa, sema mapema, anayekimbia akimbie. Lakini jina lake, umri wake, ni wa kike au wa kiume, anasoma wapi, hayo yasubiri.

Kuikagua tovuti kunachukua robo saa. Shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi madogo, utafute jina la kampuni yenyewe. Kama ni ya hapa Uingereza, liandike kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa makampuni wa serikali, bure, uone imesajiliwa lini na wakurugenzi wake ni nani. Kisha litafute kwenye daftari la ICO, mamlaka inayosimamia taarifa binafsi. Zile kubwa, Tinder, Hinge na OkCupid, zote ni za Match Group ya Marekani. Ukikosa jina la kampuni popote, funga ukurasa. Angalia pia kama wanathibitisha sura kwa picha ya papo hapo, kama kitufe cha kumripoti mtu kinaonekana bila kuhangaika, na namna ya kufuta akaunti. Hili la mwisho lisome kabla hujaweka kadi ya benki, maana malipo mengi hujirudia yenyewe kila mwezi.

Ukubwa wa jina nao usikulaze usingizi. Mwaka 2024 Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, walikagua programu 25 za kutafuta wapenzi, na 22 wakazipa alama ya onyo kwa jinsi zinavyoshughulikia taarifa za watu. Fungua barua pepe mpya kwa ajili ya kazi hii tu, na jina la ukoo usiliweke. Ukitaka kujua wanatunza nini kukuhusu, sheria ya hapa inakupa haki ya kuwaandikia wakuonyeshe, nao kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kujibu.

Picha nazo zinasema mengi. Siku moja niliikuza yangu kwa vidole viwili, ile niliyoipenda, nimevaa kitenge, nimekaa mezani. Nyuma yangu, kwenye mgongo wa kiti, sweta ya mwanangu. Nembo ya shule ilisomeka herufi kwa herufi. Niliifuta huku mikono ikitetemeka.

Kuhusu matapeli, hadithi zao tunazijua: yuko melini, yuko Dubai kikazi, mzigo umekwama bandarini. Akikupa namba ya Tanzania, mwombe ndugu yako aliye Dar aijaribu kana kwamba anataka kutuma hela; jina lililosajiliwa hujitokeza kabla hela haijaondoka, naye anaghairi. Na hapa sisi tuna hatari yetu ya pekee. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza kwa kawaida hutakiwa kumrudishia aliyetapeliwa mpaka pauni 85,000, lakini ni kwa hela iliyohamishwa ndani ya nchi. Uliyotuma nje kwenda kwenye simu ya mtu, sheria hiyo haikufikii. Ukishtuka umeshatuma, piga 159 papo hapo uunganishwe na benki yako.

Mkishaelewana, mkutane mchana, mahali penye watu, mbali na mtaa wako. Usikubali akufuate nyumbani wala mpitie shuleni kumchukua mtoto njiani.

Kuna jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui. Katika England na Wales mzazi anaweza kuwauliza polisi kama mtu anayekaribiana na mtoto wake ana rekodi ya kudhuru watoto. Huu ni utaratibu unaoitwa Sarah's Law, ulioenea kote mwaka 2011. Clare's Law, ya 2014, inakuruhusu kuuliza kama mwenza wako ana historia ya kupiga au kunyanyasa. Yote ni bure na unaomba kwa siri, kwa mtandao, kwa namba 101 ya polisi au kituoni. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo peleka maombi mapema, kabla hamjapanga siku ya yeye kuja kula chakula cha jioni kwenu.